Ruta Uliyoifunga Mbele ya Macho Yangu

Baba mdogo,

Mwangaluka. Sijui kama huko uliko kuna asubuhi, lakini hapa Bariadi kumekucha. Nimekaa kwenye kiti chako, kile ulichokuwa hutaki mtu akikalie, na mama mdogo yuko zizini anakamua. Nakuandikia nikueleze nilichofanya jana kwenye ruta yako ya intaneti kabla hujaelezwa na mwingine. Nakujua. Habari ya kuletewa na watu huiamini. Ya kuletewa na mimi pia huiamini, ila mimi angalau ulikuwa unanihoji.

Ni miezi tisa tangu tukuzike. Pamba imevunwa, ng'ombe wote sita wapo, na yule mweupe amezaa jike. Kilichoharibika ni kamera ya zizi.

Si kamera yenyewe, ni njia ya kuifikia. Kampuni ya intaneti imeishiwa anwani za zamani, zile namba za kukifikia kifaa mtandaoni. Ulipokuwa hai kila mteja alikuwa na yake, sasa tumerundikwa wengi kwenye anwani moja. Mama mdogo akiwa Lamadi kufuata dagaa anafungua simu aone ng'ombe wake, anaona giza tupu. Suluhisho ni anwani za toleo la sita, ambazo ni nyingi kiasi kwamba hata kamera ya zizi inapata ya kwake peke yake. Lakini programu uliyoiweka kwenye ruta ni ya siku nyingi na haiziwezi. Ilibidi isasishwe.

Kabla sijaanza kazi hiyo alishafika bwana mmoja wa kampuni, shati limenyooka, boksi jeupe kwapani. Akamshauri mama mdogo aitupe ruta yako, awekewe yao bure. Picha za zizi zingepita kwao kwanza, halafu ndipo zimfikie mwenye ng'ombe. Nilimuuliza ni nani mwingine atakayeziona. Akacheka, akaliacha boksi mezani. Mtu anayecheka akiulizwa swali simwamini, na hilo nimejifunza kwako.

Kwako kila kitu kilianzia kwenye mizani. Soko la pamba lilipofunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao hadi kijijini Kiloleli. Babu akapima gunia moja kwa wanunuzi wawili, kila mmoja akasoma uzito wake tofauti. Wewe ulikuwa kijana. Ukaifungua moja kwa bisibisi wenyewe wakiwa wanakula, ukakuta kipande cha chuma kimefungwa kwa waya ndani. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi mpaka naweza kusema huo waya ulikuwa wa rangi gani. Ndiyo maana ruta zilipokuja hukukubali programu ya kiwandani hata siku moja. Ulitaka programu huria, ile ambayo mtu yeyote anaweza kusoma ndani yake imeandikwa nini. "Ng'wanone, mwanangu," ulikuwa unaniambia, "kilichofungwa kina sababu ya kufungwa."

Haya. Na wewe je?

Maana ni wewe huyohuyo uliyekuwa unabandua stika chini ya kila ruta uliyoifunga mjini hapa, mafundi wengine wasijue ni aina gani wakakunyang'anya wateja. Uliziloweka kwa mafuta ya taa, ukazikwangua kwa wembe, ukazichoma. Kuna toleo la pili na toleo la tatu la ruta hiyohiyo, kwa nje yanafanana, na ukiweka programu ya moja kwenye nyingine inakufa hapohapo. Nimekaa wiki nzima naigeuzageuza ruta yako kama ninayetafuta kupe. Nimekutukana, baba mdogo. Nisamehe, lakini nimekutukana.

Ningejua toleo kwa kuingia ndani. Kuingia ndiko nilikoshindwa, na sababu unaijua.

Niliporudi kutoka Mwanza, baada ya miezi mitatu ya mafunzo kwenye kampuni ileile, nilikuja kukusalimia nimevaa fulana yao. Ni fulana tu, ya bure, sikuwa na nyingine safi. Ukaniangalia kifuani muda mrefu. "Bhebhe Kabula, wewe nawe umeshakuwa wao?" Halafu ukafungua kompyuta, ukaigeuzia ukutani, ukafunika mikono kwa kofia na kubadilisha paswedi ya ruta ambayo mimi na wewe tuliifunga pamoja. Mimi niliyekushikia ngazi. Nilitoka bila kunywa chai. Nikarudi Mwanza, nikawa nasikia habari zako kwa watu, mpaka siku nilipopigiwa simu kwamba presha imekuangusha.

Tangu hapo nimekuwa na jambo moja tu kichwani: umekufa ukiniona mwizi.

Mama mdogo naye hakunisaidia. Msibani aliniangalia kwa jicho la pembeni, na hata baada ya arobaini alikuwa akinijibu neno mojamoja. Nikasema basi, umeshamweleza. Mlikuwa wawili kunishuku.

Jana mchana nikaamua kuifuta ruta yote kwa kubonyeza kile kitundu cha nyuma kwa pini. Kila ulichoandika humo kingepotea, hata njia ya kamera. Nilikuwa tayari nimeshika pini. Nikajaribu kuingia mara moja, basi tu, ili nisiseme sikujaribu.

Haikuniuliza paswedi. Ikafunguka.

Nilishtuka vibaya. Nikadhani yule bwana wa boksi jeupe ameshaingia kabla yangu akaacha mlango wazi. Nikaanza kupekua, na hapo nikasikia simu inalia chumbani kwenu. Mama mdogo akatoka ameishika kwa ncha ya kitenge, kama kitu cha moto. Ilikuwa simu yako.

"Kabula," akasema, "baba yako mdogo ameandika."

Yeye ni wa kanisani miaka yote, lakini jana aliiweka simu mezani mbele yangu akarudi nyuma hatua mbili. Kwenye kioo kulikuwa na maneno mawili: *Kabula ameingia.*

Nikarudi kwenye ruta kutazama. Ufunguo wangu ulikuwamo. Ule wa kompyuta yangu, faili dogo linaloifanya ruta initambue bila paswedi, tuliouweka tulipokuwa tunajifunza, ambao nilikuwa na hakika umeufuta. Uliufuta kweli. Halafu ukaurudisha, na tarehe ya faili inaonyesha siku kumi na mbili baada ya mimi kuondoka bila chai. Chini yake ukaandika mistari michache ya kengele: ufunguo huu ukitumika, simu yako iambiwe. Haikuwapo kengele ya mtu mwingine.

Nakwambia ukweli, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba ulikuwa unanitegea. Ulifungua mlango ili uone nitaiba nini. Nikamwambia mama mdogo hivyo, nalia kwa hasira.

Akakaa chini, palepale sakafuni.

"Kila jioni," akasema, "anaweka simu karibu na sahani. Anauliza, imelia? Nikitoka kuoga, imelia? Miezi na miezi. Mimi nikajua ana mwanamke."

Baba mdogo, mke wako amekuwa akiichaji simu yako miezi tisa ili amnase huyo mwanamke. Msibani alikuwa akiangalia kila jicho la kike lililolia kupita kiasi, na langu lilikuwamo. Tulicheka mpaka ndama akaitikia. Halafu yeye akajifuta machozi ya kicheko, yangu yakaendelea kutoka.

Ningeweza kuingia hata nikiwa Mwanza. Ilikuwa ni kujaribu mara moja tu. Mlango ulioufunga mbele ya macho yangu sikuugusa tena, kwa kiburi, na wewe ulikuwa upande wa pili unauliza kama simu imelia. Sisi ni watu gani, baba mdogo?

Ruta yako ni toleo la tatu. Niliweka programu mpya nikahifadhi mipangilio yako yote. Taa zikazima, ikabaki moja inapepesa, nikaacha kupumua dakika nne. Ikarudi na anwani za toleo la sita. Kila kitu nimekifunga, isipokuwa kamera, na hiyo inafunguka kwa ufunguo ulio kwenye simu ya mama mdogo peke yake. Ameshaona zizi akiwa njiani kwenda dukani. Boksi jeupe limerudishwa kwa mwenyewe.

Kwaheri, baba mdogo. Wabeja kwa kazi uliyonifundisha, na kwa siku ile ya kumi na mbili. Nakuahidi hivi: kesho nikiamka nitaingia kwenye ruta, na kesho kutwa pia, kazi iwepo isiwepo. Mama mdogo amesema simu yako haizimwi.

Mwanao,
Kabula