Vidonge Ndani ya Maharage

Jumatatu, 9 Februari

Nimeamka, nimenawa, nimemeza kidonge, nimepiga randa. Mlango wa kanisa umebaki bawaba tu. Skola alikwenda ziwani kuchota maji, akarudi na ndoo tupu. Mwenyekiti wa kijiji yuko ufukweni anarudisha watu. Kipindupindu. Kimeanzia bandarini, sasa kimefika huku kwetu Ngumbo. Kila kinacholiwa na kunywewa kichemshwe. Hakuna kupeana mikono. Leo watu wanasalimiana kwa viwiko kama kuku wanaopigana mbawa.

Dawa ninazo, lakini hazitanifikisha mbali. Ijumaa nilikuwa nipande Mbinga kuchukua nyingine. Hapa watu wanajua kila mwezi naenda Mkumbi, huko milimani nilikozaliwa, kumwamkia Mama. Si uongo, Mama nampitia. Ila kwanza napita hospitali, kitengo cha wagonjwa wa akili. Hilo analijua mke wangu Skola peke yake.

Alhamisi, 12 Februari

Kizuizi! Wamelaza gogo pale barabara inapoanza kupanda mlima. Kushuka ruksa, kupanda hakuna. Dagaa hawapandi, na fundi seremala hapandi. Mgambo akaniuliza nakwenda Mbinga kufanya nini. Nikasema kumwamkia Mama.

"Hata mimi nina mama," akasema, "na sijamwona tangu Krismasi. Rudi nyumbani."

Foleni nzima ikacheka. Ningesema ukweli labda angemwita mkubwa wake. Sikuweza. Nyuma yangu alikuwa jirani yetu Mama Stela, na mdomo wa Mama Stela haufungi hata Kwaresima.

Nikapitia duka la dawa. Siku hizi biashara ruksa, kila kitu kipo: krimu za kujichubua, betri, manukato. Dawa yangu hakuna. "Hiyo haina wateja, kaka." Na mteja nimesimama mbele yake!

Jumamosi, 14 Februari

Gogo limegeuka soko. Wa milimani wanasimama upande wao na mahindi, sisi upande wetu na hela, vitu vinapita juu. Nimempata binamu yangu Otmar. Nikamwambia kwa Kimatengo, polepole, watu wa ziwani wasielewe, kwamba Mama aende hospitali anichukulie vile vitu vyangu. Mama wanamfahamu pale, watampa.

Otmar, mjinga wa Mungu, akajibu kwa Kiswahili na kwa sauti ya mnadani: "Vitu gani?" Nilitamani ardhi ipasuke. Mwishowe akaelewa.

Jumanne, 17 Februari

Bwana Afya amekuja na kazi. Shule imekuwa kambi ya wagonjwa, vitanda hamna. Anataka vyenye tundu katikati, ndoo ikae chini, mgonjwa asisumbuliwe kuinuka. Mbao za mlingoti, bado mbichi, zinajikunja. Kazi mbaya, ila ya maana. Nimeanza leo hii hii.

Nameza nusu kidonge badala ya kizima. Afadhali nusu kuliko bure, nadhani. Sijui. Wa kumuuliza yuko ng'ambo ya gogo.

Ijumaa, 20 Februari

Usingizi hakuna. Nilikuwa nakata mbao nikasikia mtu ananiita nyuma ya banda. Nikaenda. Hakuna mtu. Nikarudi, akaita tena.

Naijua sauti hii. Ndiyo ile ya mwaka ule kule Mkumbi, kabla ya dawa, nilipotembea uchi mpaka sokoni, na baba zangu wadogo wakanifunga kamba kwenye nguzo ya ghala la kahawa. Alama za kamba bado ninazo. Nikivaa shati la mikono mifupi watu huuliza, nasema ni msumeno.

Naogopa. Siogopi kipindupindu hata kidogo. Naogopa kamba.

Jumapili, 22 Februari

Hakuna misa. Mikusanyiko imezuiwa.

Nimetoka kambini mchana, nina njaa, nimeshindana na ile sauti asubuhi nzima. Skola ananiambia kwa furaha kwamba maharage ya Mama yamefika, Otmar kayapitisha gogoni. Otmar kasema nini? "Kasema Mama anasalimia." Basi? Basi.

Sufuria iko jikoni inatokota. Maharage ya Mama hayachaguliwi. Mama akituma maharage yenye jiwe ataona aibu mwezi mzima, kwa hiyo Skola huyamimina kama yalivyo. Na Bwana Afya kasema kila kitokacho nje kichemshwe. Akachemsha. Nikafunua. Katikati ya povu kimeelea kifundo cha kitambaa, kipande cha kitenge cha Mama.

Mama alikuwa amezificha dawa chini kabisa, mgambo asizione, Otmar asitangaze. Vidonge vyote vimekuwa uji. Mwanangu Kolumba alikuwa ameshashika bakuli! Nilimpokonya, nikaenda kumwaga sufuria nzima shimoni. Nilipiga kelele. Nilimtukana Otmar, na ukoo wake, ambao ndio wangu.

Skola alilia. Kisha sijui kilichompata, akaanza kucheka, machozi bado yanatiririka.

"Mficha uchi hazai, baba Kolumba. Mama kaficha, wewe umeficha, mimi nimeficha. Haya, sasa tumepika."

Sikucheka. Nacheka sasa, kidogo, nikiandika.

Jumanne, 24 Februari

Dawa zimekwisha kabisa. Nimepeleka vitanda vingine. Sauti inasema kimoja nimejitengenezea mwenyewe. Nilikaa juu ya mbao na nyundo mkononi sijui kwa muda gani. Skola alikuja akaichukua ile nyundo, akanishika mkono mpaka nyumbani. Kesho nitasema. Nisiposema kesho, keshokutwa sitakuwa mtu wa kusema.

Jumatano ya Majivu, 25 Februari

Nimesema.

Mkuu wa kambi ni Sista Rehema, muuguzi, mtu wa Dodoma, ameletwa huku kikazi. Nilimkuta uani anachanganya maji ya dawa. Bwana Afya yupo, wanawake wa ndoo wapo, na Mama Stela, nani mwingine, yupo kwenye uzio kamletea shemeji yake uji. Nikasema, tena kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka:

"Sista, mimi ni mgonjwa wa akili. Dawa zangu zimekwisha."

Sista hakuacha kukoroga. Akauliza natumia dawa gani, mara ngapi kwa siku, nalala au silali, nasikia nini. Kama anamuuliza mtu wa malaria! Halafu akafoka: "Na siku zote hizi unanigongea misumari hapa hapa unanyamaza? Mwanaume mzima!"

Tukaenda misheni, kwenye redio ya upepo. Mbinga wakajibu dawa hiyo imewaishia, iko Songea. Gari la dripu linatoka Songea keshokutwa, lakini limejaa, nafasi hamna. Sista akashika kile kisemeo kwa mikono miwili: "Mwambieni dereva aziweke mapajani!"

Niliporudi, Mama Stela alikuwa ananisubiri njiani. Nikajikaza. Nikajua kesho nitaimbwa mpaka Liuli.

"Baba Kolumba," akasema, taratibu, sijawahi kumsikia taratibu. "Stela wangu ana kifafa. Vidonge vyake navyo vimekwisha. Jana kaanguka karibu na moto. Siku ile gogoni nilikuwa nyuma yako, na mimi nikasema nakwenda kumwamkia mama."

Mama yake tulimzika mwaka juzi. Jeneza nililitengeneza mimi.

Nikamshika mkono, nikamrudisha kwa Sista, naye akarudi redioni kuagiza na za Stela. Bwana Afya alituona tumeshikana, akageuka akatazama ziwa.

Ijumaa, 27 Februari

Gari limefika jioni, matope mpaka kwenye vioo. Dereva kweli kaja na boksi la dawa mapajani, amelifunika kwa koti lake. Zangu zimo. Za Stela zimo. Walikuwepo wengine uani pale, sikuwajua, au niliwajua lakini si kwa jambo hili: mzee mmoja wa nyavu na mkewe, msichana wa kwaya na kaka yake. Kila mmoja amekaa mbali na mwenzake, na kila mmoja anamchungulia mwenzake. Sista kawaita mmoja mmoja bila kunong'ona. Nimemeza mbele yake, kwa maji yaliyochemshwa.

Jumatatu, 2 Machi

Nimelala. Skola anasema nimekoroma, anasema hajapata kufurahia kukoroma namna hiyo. Sauti ipo, ila iko mbali, ni kama ya mtu anayeita mtu mwingine.

Jumamosi, 21 Machi

Gogo wameliondoa juzi. Niliomba nipewe, ni mti mzuri, nitapasua mbao.

Leo Mama kashuka mwenyewe. Hakai, kesho anarudi. Nyasi za ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu cha milimani, zimeshalazwa shambani, wanawake wanamsubiri kufukia wapande maharage. Skola kamwamkia, kapokea kapu. Kopo la dawa limekaa juu kabisa, wazi, halina hata kitambaa. Mama kalibeba hivyo hivyo njia nzima kutoka Mkumbi, mbele za watu.

Skola kaliweka dirishani. Kisha kachukua ungo, kamimina maharage, kaanza kuyachagua. Mama kakasirika: "Maharage yangu hayana mawe!"

"Najua, mama," Skola akajibu. "Natafuta vidonge."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mvua imeanza. Nimevaa shati la mikono mifupi.