Nzi Wetu Hawakutaga Julai Hii

Kitengela, Alhamisi jioni. Baridi.

Leo pia huku jua halikutoka. Julai hii mawingu yamekataa kabisa kuondoka, na upepo unaotoka upande wa mbuga unapenya hadi kwenye soksi. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinauma nikiandika. Lakini lazima niandike, kwa sababu kuna jambo limenitokea huko Bisil na humu nyumbani hakuna mtu wa kumwambia.

Kama umeingia kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: naitwa Ndinda, ni mjane, na nafuga nzi.

Ndiyo, nzi. Si hawa wa chooni. Ni nzi weusi, wembamba, wapole, ambao jina lao ni nzi askari. Nzi mwenyewe akishakomaa hali kitu. Anaishi siku chache tu, anatafuta mwenzake, anataga, anakufa. Anayekula ni funza wake. Nampa maganda ya viazi, kabichi zilizooza, maembe yaliyopondeka sokoni, ugali uliobaki hotelini, na anamaliza vyote. Halafu funza analiwa na kuku, na kile kinachobaki kwenye trei ni mbolea ya kupeleka shambani.

Kazi hii aliianzisha mume wangu, Musyoka. Yeye alikuwa mtu wa mbuzi. Alikuwa anawanunua kwenye masoko ya huku Kajiado na kuwaleta bucha za mjini. Taka za soko letu zilikuwa zinamkera sana, vile zinarundikwa kando ya barabara mpaka mvua izibebe. Siku moja akarudi na kijikopo cha mayai madogo kama unga, akaniambia hao ndio watakula soko lote. Nilicheka. Alijenga banda nyuma ya nyumba, akashona chandarua kikubwa kwa mkono wake, na baada ya muda nikaacha kucheka kwa sababu kuku wetu walikuwa wamenona na chakula chao cha dukani tulikuwa tumekisahau.

Mwaka juzi pressure ilimchukua ghafla. Tukamzika kwao Makueni. Nguo zake zikaenda kwa kaka zake, pikipiki ikauzwa, na mimi nikarudi Kitengela kwa nzi.

Sijawahi kuandika hili hapa. Wafugaji wenzangu mayai yakipungua wananunua kwa mtu mwingine, ni jambo la kawaida. Mimi sikununua hata mara moja. Wale waliokuwa kwenye banda langu walikuwa wajukuu wa vitukuu vya wale aliowafungulia Musyoka, na sikutaka wachanganyike na wengine. Najua ni upuzi. Nzi hajui mwenye alimfungulia mlango. Lakini kila nilipoinua trei na kuona wanavyochemka mle ndani, nilihisi kuna kitu cha Musyoka ambacho bado kinapumua.

Watu wengine hawahisi hivyo. Akina mama wa kanisa huwa tunazunguka nyumba kwa nyumba kwa maombi, na zamu yangu ikifika, kuna mtu huwa anapendekeza kwa upole tukutane tu kanisani, kuna nafasi. Jirani yangu hunisalimia akiwa kwake, upande wa pili wa geti. Binti yangu Mwende alipata kazi Mombasa, na akija huku hulala kwa rafiki yake Athi River. Anasema ni kwa sababu ya usafiri wa asubuhi.

Harufu si kubwa hivyo. Ukiweka taka kiasi na ukausafisha vizuri uchafu unaomwagika, haifiki hata kwenye ua. Nimeeleza mpaka nimechoka kueleza.

Basi ndipo ikaja baridi hii.

Nzi hawa wanahitaji jua ndipo wapandane. Bila jua wanakaa tu kwenye chandarua, mabawa yamefungwa, kama watu wanaongoja daktari. Niliwasha jiko la makaa mle ndani. Niliweka balbu. Niliziba kila tundu kwa magunia. Kila asubuhi nilikagua zile mbao wanazotagia, nikipitisha kidole kwenye nyufa, na hakukuwa na yai. Pupa wa mwisho, wale funza waliojifunga ndani ya ganda wageuke nzi, walitoka, wakakaa, wakaanguka chini. Sakafu ilikuwa kama mtu amemwaga majani ya chai.

Jumatatu niliingia nikakuta hakuna anayetembea.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu.

Nilimpigia Mwende. Akasema, "Mum, labda ni sawa tu. Labda sasa uachane na hao wadudu, upumzike." Alisema kwa upendo, hilo najua. Lakini nilikata simu nikiwa mpweke kuliko kabla sijampigia.

Kuku hawakungoja nimalize kulia. Walikuwa wananifuata ua mzima wakitafuta funza wao. Kwa hivyo Jumanne nikafanya kile nilichokuwa nimeapa sitafanya: niliandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kwamba natafuta pupa. Mtu mmoja akajibu kwa ujumbe wa sauti, mwanamke, na nyuma yake mbuzi wakilia. "Kuja Bisil. Huku jua iko, na wadudu iko."

Ndiyo safari yangu ya leo. Nilishika gari za Namanga asubuhi, nikiwa na ndoo tupu kwenye mapaja, na moyo wangu ukiwa kama wa mtu anayeenda kuoa mke wa pili.

Alikuwa ananingoja kando ya lami, mbele ya duka la vifaa. Mama mrefu, shuka juu ya jaketi nzito, miguuni gamboti.

"Sopa," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Epa."

"Mama ya Kitengela ni wewe? Mimi ni Mama Nasieku. Ndoo yako ni kidogo sana."

Tulitembea mpaka kwake tukizungumza habari za kuku. Nilijikuta naongea bila kupumua. Yeye anajua vile funza huwa wanapanda ukutani trei ikilowa sana. Anajua vile maganda ya machungwa hawayapendi. Ilikuwa ni muda mrefu tangu niongee na mtu ambaye sihitaji kumwambia kwanza kwamba mimi si mchafu.

Banda lake limeegemea ukuta wa mabati unaopigwa na jua, na kweli jua lilikuwepo, dogo lakini lilikuwepo. Ndani ya chandarua nzi walikuwa wanaruka kabisa, wengine wawili wawili. Nikasogea karibu nione.

Halafu nikaona mshono.

Chandarua kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa gunia, mshono unaoenda mbele na kurudi nyuma nusu, na kila baada ya shubiri kuna fundo. Sijawahi kuona mtu mwingine akishona hivyo. Mafundo kama hayo ninayaona kila siku nikifungua banda langu.

"Nani alishona hii?" nikauliza.

"Hiyo? Ni mzee mmoja ya mbuzi, Mkamba," akasema. "Alikuwa anakuja hapa soko. Siku moja alinipata nikinunua omena ya kuku, akaniambia, mama, hao kuku wanakula pesa ya shule. Wiki ingine akaniletea hawa wadudu ndani ya ndoo, na hiyo neti akashona hapa hapa, amekaa kwa jiwe. Alikataa nimlipe. Anaitwa Musyoka. Unamjua?"

Nikashika fundo moja kwa vidole viwili.

"Alipotea tu," akaendelea. "Nikauliza watu wa mbuzi, wengine wanasema aliacha hiyo kazi, wengine hawajui. Mimi nangoja siku atakuja aone vile wamekuwa wengi."

Nikamwambia mimi ni mke wake. Halafu nikamwambia ile nyingine, ya Makueni.

Mama Nasieku aliweka mkono kwenye mdomo. Akarudi nyuma hatua, akakaa chini kwenye mchanga, mama mzima na gamboti zake, akajifunika uso kwa shuka. Alilia kwa sauti. Nami nilisimama pale nikimtazama, na sijui nitaandikaje hili bila kuonekana mtu mbaya, lakini nilifarijika. Kwa watu wengine wote Musyoka ni mambo ya zamani. Wanasema "pole" haraka na kuhamia habari nyingine. Huyu alikuwa amempoteza dakika hiyo hiyo. Kwa mara ya kwanza tangu Makueni, sikuwa mimi peke yangu.

Nikakaa chini kando yake. Tulikaa hivyo hadi mbuzi wakaanza kutushangaa.

"Alikuwa anasema juu yako," akaniambia baadaye, akipangusa uso. "Alisema bibi yake hawezi shika funza na mkono. Anatumia kijiko ya chai."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Ni kweli. Nilikuwa natumia kijiko, na nilikificha ili mtu asije akakoroga chai nacho. Sikujua kwamba alikuwa anatembea na hadithi hiyo mpaka Bisil, akiwachekesha watu wa soko kwa habari zangu. Nilidhani nimeshapata kila kitu ambacho Musyoka aliacha. Kumbe kuna vingine viko kwa watu nisiowajua.

Ni baada ya hapo tu, tukiwa tunakunywa chai ya maziwa, ndipo akili yangu ikafika kwa nzi. Hawa waliokuwa wanaruka pale hawakuwa wageni. Walitoka kwenye banda letu, ndani ya ndoo yetu, kwa mkono wake.

Mama Nasieku alinijazia pupa, akawafunika na vumbi la mbao, kavu. Nilipofungua mkoba alinishika mkono akaufunga yeye mwenyewe. Akanionya nisiwapeleke bandani na baridi hii. "Weka jikoni, karibu na jiko lakini si karibu sana. Watakawia kutoka. Wacha wakawie. Jua ikirudi, wapeleke nje." Nilishangaa vile sikuwahi kuwaza hivyo.

Alinisindikiza hadi barabarani. Gari lilipokaribia akasema nirudi siku ya soko, tupike, nilale kwake. "Na usikuje juu ya wadudu tu."

Nilimjibu, "Nitaona."

Nitaona! Gari lilipita Kajiado mjini, likapita Isinya, na mimi bado nilikuwa najiuliza kwa nini nilisema hivyo. Sina ninachoenda kuona. Kalenda yangu haina kitu. Nadhani nimezoea kuambiwa nafasi iko kwingine, mpaka mtu akinifungulia mlango nasimama nje natafuta sababu. Wale wa kanisa walinikataa kidogo, na mimi nikamalizia kazi iliyobaki. Hata Mwende, sijawahi kumwambia waziwazi, njoo ulale nyumbani, nakuhitaji. Nimekuwa nangoja afahamu mwenyewe.

Kesho nitamwambia. Bila kuzunguka.

Nilifika hapa giza likianza kuingia. Nikaweka ndoo jikoni, nikatupia kuku mahindi, wakanitazama kama nimewatukana. Nilikuwa ndio navua viatu simu ikalia.

"Umefika?" Ni Mama Nasieku.

Musyoka ndiye alikuwa anauliza hivyo. Tangu aende, nimetoka na kurudi katika nyumba hii mara nyingi sana, na hakuna mtu aliyehitaji kujua kama nimerudi.

"Nimefika," nikasema.

"Baridi iko?"

"Iko. Na siku ya soko nakuja, Mama Nasieku. Nalala."

"Sawa, nangoja. Umekula?"

Nikasema nimekula, ili asipate wasiwasi. Lakini sufuria ziko vile nilivyoziacha asubuhi, na hata jiko sijawasha.

Wacha niishie hapa niende nikapike, iwe kweli.