Nani Atamgeuza Baba

Mtae

Dada yangu Sesilia,

Shikamoo. Huku ukungu hauondoki mpaka saa tano, na maharage yamekawia kukauka. Watoto hawajambo? Uliponiambia kwamba shemeji amekataa usije kumuuguza baba, nilielewa. Sikulaumu.

Ile nafasi ya utafiti, ya watu waliokwisha kupata udaktari wa uhandisi wa kompyuta, niliipata. Ni miaka miwili katika chuo kikuu kimoja Ujerumani. Ningeunda mitambo ya kuwaonya watu kabla mlima haujaporomoka. Kanisani walinipigia vigelegele. Baba mwenyewe, pamoja na kiharusi chake, aliwaambia wageni, "Mwacheni Yunis aende."

Jumatatu nikashusha sanduku darini. Aliponiona nalo, alinishika kanga kwa ule mkono wake mzima, akalia.

"Nani atanigeuza kitandani?"

Usiku ule, dada, nikamwandikia profesa wa kule chuoni kwamba sitakwenda. Alinijibu kwa upole kuwa nafasi amempa mwingine.

Baba bado sijamwambia. Kanisani pia hawajui. Wananiuliza safari ni lini, nami natabasamu. Leo nikimlisha uji, baba ameniuliza, "Umebakiza siku ngapi?"

"Nyingi, baba."

Alifurahi hata akaomba kikombe cha pili. Nilikwenda jikoni kumchotea, nikakaa huko mpaka uji ukapoa.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Yunis