Bawa Lilipokunjika Juu ya Mkunya

Newala, Jumamosi usiku

Jua lilikuwa limeshapanda, nami nikaruka hivyo hivyo na parachuti yangu ya injini. Juu ya mashamba ya Mkunya hewa ya moto ikalikunja bawa lake la kitambaa upande wa kulia. Mikono ilitaka kuvuta kamba za breki kwa nguvu. Nikailegeza ili bawa lisiporomoke, nikaegemea kushoto, nikasubiri. Kitambaa kikafunguka kwa kishindo. Nikazima injini, nikashukia kwenye mihogo.

Mwenye shamba, Mama Somoe, akaja na jembe lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeanguka?"

"Hapana, nimetua."

Akaitazama mihogo niliyoivunja, kisha akanitazama mimi. "Aliyetua hatetemeki hivyo, mwanangu. Kaa kwanza."

Nikakaa. Mpaka hapo nilidhani sikuogopa.

Kesho siruki.