Bata mzinga wa Papa Musa

Sydney, Jumapili, mwezi wa kumi. Mwaka na miezi minne tangu niondoke.

Shikamoo Baba,

Papa Musa, Mkongo ninayekaa naye, ametoka hospitali na kuku wa dukani hawagusi. Anasema wana ladha ya pamba. Alikuwa anakonda mpaka nikaogopa. Jana Neil, mwenzangu wa ghalani, alinipeleka shambani kwa kaka yake, ambako bata mzinga waliotoroka zamani wamekuwa wa porini. Msimu huu madume wanatafuta majike, basi Neil akasimamisha majike mawili ya plastiki, tukajibanza. Dume mmoja alikuja, akayatazama, akageuka. Nikaenda kuchakura majani na kutifua udongo miguuni pa yale majike, ionekane yamekuwa yakila hapo, kama ulivyonifundisha kwenye mtego wa kwale. Neil akacheka: "Unawalimia bustani?" Baadaye dume akarudi amevimba, akasogea karibu kabisa. Neil alimpiga risasi moja tu.

Leo Papa Musa amemaliza paja zima na mchuzi wake. Akauliza, "Nani alikufundisha, mtoto wangu?" Nikamwambia ni wewe. Akasema nikuandikie kabla sijalala. Asante sana, Baba. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, na wiki hiyohiyo nitafika nyumbani.

Mwanao, Hamisi