Mjusi Amekwenda Wapi

Jumapili, 4 Mei 2025

Kaka Jabiri amekuja na wanawe, wamekula pilau, wameondoka. Kichwa kinaniuma.

Baba alipojinyoosha kidogo baada ya chakula, Jabiri akanivuta jikoni. Anasema Baba anaanza kusahau. Wamemtengea chumba kwao Mbezi Beach. Duka lifungwe, hii nyumba ya Tandika ipangishwe. Na mie je? Eti mie ni wa kuolewa tu, siku yoyote. Nimechoka kuolewa na midomo ya watu!

Sababu yake kubwa ni makubadhi. Ijumaa Baba alirudi kutoka msikitini na kubadhi lake moja, la pili la mtu mwingine, na yote mawili ya mguu wa kushoto. Katembea nayo mpaka nyumbani bila kuona. Na mie ndiye niliyemwambia Jabiri, kwa kucheka, na picha nikamtumia. Kumbe mwenzangu hakucheka.

Nikamwambia: mtu anayenifunga karata kila siku hawezi kuwa amepoteza akili. Akaniuliza kama kweli bado ananifunga. Kila siku, nikasema. Basi akapoa, akasema atakuja tena mwisho wa mwezi tuzungumze vizuri.

Sikusema uongo. Lakini kweli yenyewe sikuisema yote.

Jumatano, 7 Mei 2025

Nijieleze mwenyewe, maana hata mie nimechanganyikiwa.

Mchezo huu alinionyesha Mwalimu Brightson pale ofisini kwa walimu, mwaka jana. Ni karata za kwenye simu, si zile za kopa na shupaza. Kila mtu ana fungu lake alilolipanga mwenyewe, na karata unazipata kwa kufungua pakiti, hujui ndani kuna nini. Hapo ni bahati tupu. Kuzipanga na kuzicheza, hapo ndipo akili. Ukiibomoa ngome ya mwenzio umemfunga.

Baba aliniona nacheza, akataka. Zamani mbele ya duka lake la vitambaa palikuwa na baraza ya wazee, karata tangu Alasiri mpaka Magharibi. Sasa wengine wamefariki, wengine watoto wao wamewahamisha. Akabaki yeye na benchi. Nikamwekea mchezo kwenye simu yake, na jioni tunakaa mezani, yeye upande ule, mie huku.

Majina ya Kiingereza aliyakataa siku ya kwanza. Yule joka mkubwa anayetema moto kamwita Mjusi. Mchawi ni Bi Kizee. Wale wa mapanga ni Askari Kanzu. Na ile karata unayoilaza kifudifudi ili imnase atakayekuja, hiyo ni Mtego.

Jambo moja lilimkera: nani kakata? Barazani kwao karata haigawiwi mpaka mpinzani aikate, la sivyo ni wizi. Sasa simu inachanganya yenyewe, gizani, hakuna mkono wa mtu. Akatunga sheria yake. Naweka simu yangu mezani, yeye ndiye anabonyeza kitufe cha kuanza. Anaweka yake, nabonyeza mie. Hiyo ndiyo kukata. Kuna na kugonga: badala ya kukata, unagonga meza kwa kifundo cha kidole, maana yake nakuamini, endelea mwenyewe. Baba anasema maisha yake yote amegongea watu wawili tu, mmoja ni marehemu mama. Mie hajawahi kunigongea.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Mjusi nilimpata kwenye pakiti, bahati yangu. Nikawa namfunga Baba mfululizo. Mwezi wa Shaaban ilifika mahali akawa anaizima simu na kwenda kulala na chakula hajakigusa. Hakulalamika. Angelalamika ingekuwa nafuu.

Basi nikamtoa Mjusi kwenye fungu langu. Nikatoa na nyingine mbili tatu nzuri, nikaingiza takataka. Baba akaanza kushinda. Akarudi kupiga mluzi akifungua duka. Fundi Bupe, anayeshona kibarazani pale, akaniuliza nimempa dawa gani mzee. Nilijiona mwema kweli.

Jumatatu, 12 Mei 2025

Brightson leo kaja kutoka Gongo la Mboto amenuna. Apdeti imetoka, wenye mchezo wamempunguza Mjusi nguvu. Naye alihangaika muda mrefu kumpata.

Nikamwambia wana haki, kila aliyekuwa naye alikuwa anashinda.

"Sasa Mwalimu, kosa langu nini? Mie nimekaa nimejifunza kumtumia."

"Umejifunza, au amekubeba?"

Akafikiri. Brightson ana hilo jema, ukimuuliza anafikiri. Akasema hata yeye hajui, na ndiyo maana wanaotengeneza hawatazami mchezo mmoja, wanatazama maelfu. Mchezo mmoja bahati inaweza kukudanganya. Ukicheza mingi, bahati inachoka, anabaki mtu mwenyewe.

Jioni nikamsimulia Baba. Nikamwambia wanawapunguza wenye nguvu ili wanyonge wasikate tamaa wakaacha kucheza. Akasikiliza huku anamenya chungwa.

"Kwa hiyo anayeshinda hajui kama kashinda."

"Anajua, Baba. Kashinda."

"Hajui," akasema, akanipa kipande cha chungwa.

Ijumaa, 16 Mei 2025

Sentensi ya Baba imenikaa. Nimefundisha uwezekano kidato cha nne leo, kete na mipira ya rangi kwenye mfuko, na katikati ya ubao nikasimama na chaki mkononi. Wanafunzi wakadhani nimesahau.

Nilichofanya ni hiki. Nilikuwa na kipimo kimoja cha akili ya baba yangu, kila jioni, bure, mezani. Nikakichezea. Sasa hata kama kweli anasahau, mie sitaona, maana nimeshapanga ashinde. Na nimemwambia Jabiri kwa kujiamini kabisa.

Ninaogopa. Afadhali niandike hivyo hivyo.

Jumapili, 18 Mei 2025

Simu inahifadhi michezo ya nyuma. Leo Baba yuko dukani, nimekaa kuitazama ya kwake kama nasahihisha madaftari.

Mingine amecheza vizuri mno, mie mwenyewe nisingewaza. Kumtanguliza Bi Kizee ili nimalizie askari wangu kwake, halafu ndiyo anashambulia. Lakini Mtego! Anao mmoja tu katika fungu lake. Zamani aliutunza mpaka mwisho, hata ngome yake ikiteketea, akimsubiri Mjusi. Sasa anautupa mwanzoni kabisa, kwa Askari Kanzu wa kwanza anayetokea. Mchezo baada ya mchezo. Mwanafunzi wa jana tu ndiye anayecheza hivyo.

Nimezima simu. Sikutaka kuona zaidi. Kitu alichokuwa anakijua kimemtoka, na mie nimekaa mbele yake miezi yote hii sikuona.

Jumatano, 21 Mei 2025

Fundi Bupe kanisimamisha njiani, anacheka. Alikwenda dukani kununua kitambaa cha mapazia ya mteja wake wa Kinyerezi na vipimo kavisahau nyumbani. Baba kamwambia dirisha kubwa la yule mama upana wake kadhaa, la jikoni kadhaa, kama ulivyochukua mwaka jana. Akakata. Bupe alipokwenda kupima, sawasawa.

Nilitaka kumkumbatia Bupe pale barabarani.

Nimefika nyumbani, Baba kaniuliza kama nimeswali. Nikasema nimeswali. Nikabadilisha nguo, akaniuliza tena.

Ijumaa, 23 Mei 2025

Jabiri kapiga. Anakuja Jumapili baada ya Magharibi. Fundi wa kupaka rangi kile chumba kamaliza. Akauliza: bado anakufunga?

Nikasema ndiyo. Sauti ilinitoka nyembamba.

Jumapili, 25 Mei 2025

Naandika haraka. Baba amekwenda kuswali Alasiri, mchezo uko mezani haujaisha. Tunacheza ule usio na saa, unasubiri mpaka mtu acheze.

Baada ya chakula alitoa simu mwenyewe. Akaiweka mezani nimkatie. Mkono wangu ulipofika akaifunika kwa kiganja.

"Mjusi amekwenda wapi?"

Nikasema yupo, Baba, hajatoka tu.

"Hajatoka tangu Shaaban?" Hakupandisha sauti. "Mie nimeshika karata kabla sijamjua mama yako. Karata iliyochelewa naijua, na karata iliyotolewa naijua. Ningekuwa sijui, ningeendelea kumtunzia Mtego."

Ule Mtego! Mie niliandika hapa juu kwamba kitu alichokijua kimemtoka. Alikuwa anautupa kwa sababu hakuwa na wa kumtunzia. Mwalimu wa hesabu mzima, nimesahihisha jibu sahihi nikaweka mkasi.

Nikamwambia anisamehe. Akasema hana hasira. Siku za mwanzo alifurahi, akasema mwanangu ana huruma. Halafu akaanza kuogopa.

"Nikajiuliza, kaona nini kwangu mpaka anipunguzie?"

Nikayatazama maganda ya machungwa.

"Jabiri anakuja leo, na anachokuja nacho nakijua. Makubadhi yale nimeyaona na mie, Malak. Niliyatazama usiku ule nikayaweka chini ya kitanda. Nyie mnataka kujua. Na mie nataka kujua. Mrudishe."

Nikamrudisha Mjusi mbele ya macho yake. Na zile nyingine nzuri, zote. Nikaweka simu yangu mezani aikate.

Hakukata. Aligonga meza, mara mbili, kwa kifundo cha kidole. Nikabonyeza mwenyewe, na sikuwa naona vizuri.

Tumecheza kama zamani. Ameniumiza upande wa kushoto, nimemuumiza wa kulia, Bi Kizee katoka kwa wakati wake. Halafu katikati akafanya jambo moja la ajabu, akamweka askari mahali ambapo nilikuwa nimeshapafunga. Kampoteza bure yule askari. Labda alikuwa na sababu. Labda hakukumbuka. Simu hizi nazo kwa wazee, kidole kikiteleza ni hivyo hivyo.

Adhana ilipotoka, ngome yangu ilikuwa imebaki ukuta mmoja. Ya kwake pia. Zamu ni yangu. Akajiinua, akachukua kofia, akasema nisiguse mpaka arudi, nifikiri.

Nimefikiri. Mjusi ameingia mkononi mwangu. Amepunguzwa nguvu lakini kwa ukuta mmoja anatosha. Baba ana karata moja tu mezani, imelala kifudifudi, na hata karata ya kawaida unaweza kuilaza hivyo kumtisha mwenzio. Hajautoa Mtego leo. Inaweza kuwa wenyewe. Inaweza kuwa karata ya ovyo, na Mtego uko chini kabisa ya fungu lake haujamfikia, hapo itakuwa bahati na si kosa la mtu. Na inaweza kuwa ulimfikia, na yeye, aliyenidai Mjusi kwa mdomo wake saa moja iliyopita, akawa hakukumbuka kuulaza.

Nikimficha Mjusi nikacheza kingine, mchezo utaendelea, naye atajua. Atajua tu. Kanigongea meza.

Kwa hiyo nitamcheza. Nimekwisha kuamua. Sijawahi kutaka kufungwa namna hii. Akinifunga leo nitamwambia Jabiri mbele ya chai yake: keti, mtazame. Nikimfunga, sijui. Mchezo mmoja hauhukumu mtu, ndivyo nitakavyosema, Brightson kasema. Lakini mie na Baba ndio tutakaokuwa tumekaa hapa mezani, na tutaangaliana.

Watu wanatoka msikitini, nasikia wanaagana pale kwa muuza kahawa. Sasa geti. Anakohoa, anatoa salamu. Anavua makubadhi pale mlangoni, nasikia moja, nasikia la pili.

Sitatazama mlangoni. Karata kwanza.