Msitu Tusioutaja

Kituo cha Misitu
4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mkeo hajambo? Na mjukuu wangu, kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, ila goti linanisumbua kila nikipanda mlima.

Leo sina umbea, nina shida. Misonobari ya mgongo wa juu imeanza kuwa myekundu vileleni, kama nywele zilizotiwa hina. Nimebandua gome, wadudu wamejaa tele, wadogo kama ufuta. Dawa yake unaijua, umekulia humu: mti ulioshikwa ukatwe, uchunwe, gome lichomwe kabla hawajarukia mwingine. Lakini nani akate? Zamani tulikuwa kikosi kizima. Wengine wamestaafu, wengine wamehamishwa, na hakuna aliyeletwa. Tumebaki mimi na Chapchap, mkataji wetu wa tangu zamani. Kibao cha kituo kina maneno mengi kuliko watumishi.

Wewe uko huko wizarani, kwenye kitengo cha afya ya misitu. Tusemee, baba. Tunataka wakataji wa msimu mmoja tu na msumeno wa maana. Chapchap anakusalimu. Anauliza kama bado unaendesha baiskeli huku ukitazama miguu yako, baada ya kazi yote aliyoifanya kukufundisha.

Mama yako

---

Mjini
21 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, mtoto amepona na sasa hatulali kwa kelele zake. Pole na goti. Lisugue mafuta, usijifanye binti.

Suala lako nimelifikisha kwa mkurugenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Ila Mama, hicho unachokiita kitengo ni mimi, dada mmoja wa maabara, na gari lililopandishwa juu ya mawe. Moto ukiwaka, watu wanaona moshi na fedha zinatoka. Wadudu hawatoi moshi. Hata hivyo kikao cha bajeti kinakuja, na mimi ndiye nitakayetoa mapendekezo. Nipe muda kidogo. Nitapambana.

Mwambie Chapchap siku hizi natazama mbele, ndiyo maana naanguka.

Mwanao

---

Kituo cha Misitu
18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, goti ni lile lile. Nyumbani kwako wote wazima?

Kina mama wa kijiji cha chini, wale wanaoteka maji kwenye chemchemi yetu, wamekuja wenyewe kuchuna magome. Wanaimba mpaka nasahau kinachotuleta. Chapchap anakata kutwa, na ule msumeno wa zamani aliouungaunga kwa waya. Nikimwambia apumzike ananijibu, "Afisa, nikipumzika mimi, wadudu nao watapumzika?"

Kule juu tumewazuia. Kinachonitia hofu ni mteremko wa kijito, ambako miti imekauka imesimama. Mti mkavu haukatwi na mtu mmoja. Lazima awepo wa pili wa kutazama juu. Nami kwa goti hili sifiki kule kila siku. Kwa hiyo tunangoja kikao chako.

Mama yako

---

Mjini
2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena.

Kikao kimekaa. Fedha zilizopatikana zinatosha msitu mmoja. Kuna mwingine ulioshikwa, ule unaolisha bwawa la maji ya mji huu wote, na kule wadudu ndiyo kwanza wanaingia. Kwenu wameshazama ndani. Mkurugenzi akanigeukia: "Mtaalamu ni wewe. Tuokoe upi?" Pale mezani hapakuwa na asiyejua mama yangu anafanya kazi wapi.

Nikautaja ule wa bwawa.

Mama, ningeutaja wetu, nisingejua aliyesema ni mtaalamu au ni mtoto wako. Nasikitika. Nakuomba, acheni kukata. Mteremko wa kijito msiukanyage kabisa. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao

---

Mjini
6 Mei

Mama,

Shikamoo. Umenyamaza. Goti limezidi, au ni mimi? Nataka kuja nikuone. Sema neno moja tu.

Mwanao

---

Kituo cha Misitu
29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nina afya. Watoe hofu walioko nyumbani.

Barua yako ya Aprili nilimsomea Chapchap. Alitikisa kichwa akasema, "Kijana kasema haki. Ningekuwa yeye, nisingekuwa na moyo huo." Nikamwambia basi, tumeshindwa, weka msumeno ndani. Akaitikia. Asubuhi yake goti likanigomea, sikutoka kitandani. Yeye akaenda kijitoni peke yake. Kilele kikavu kilikatika kikamwangukia mgongoni. Kina mama walimkuta msumeno bado unanguruma.

Tumemzika. Makaburini mkewe alinishika mkono akaniuliza, "Afisa, wakubwa wa huko mjini walijua mko wawili?" Nikasema walijua. "Na aliyekataa kuleta watu, naye alijua?" Nikasema alijua. Sikumwambia ni mwanangu.

Ulichosema kikaoni kilikuwa sawa. Ningekuwa kwenye kiti chako, mdomo wangu ungetamka hayo hayo. Nimelipindua neno hili kila upande na halibadiliki, na wala halinisaidii.

Usije kwa sasa. Sijakukataa. Ila ukifika nitakukumbatia, na yule mjane anaishi mlango wa pili. Ataniona nikikukumbatia.

Huo msitu wa bwawa, panda ukauangalie mwenyewe, mti kwa mti. Usimtume mtu peke yake. Na usithubutu kuniandikia kwamba nao umekauka.

Mama yako